Tangi la Maji ya Bahari Juu ya Uwanda wa Makonde

Kijana mmoja anayejenga nyumba ya wageni Masasi alinitumia ujumbe hivi karibuni. Ameona kwenye simu tangi la kioo lenye matumbawe ya kila rangi na visamaki vya mistari, naye anataka la kwake hapo mapokezi. Maji ya bahari si tatizo, anasema, magari ya Mtwara yapo kila siku. Kilichobaki ni kupata mtu wa pwani ya Msimbati wa kumng'olea matumbawe mazuri, na ameambiwa kwamba niliwahi kufuga tangi la namna hiyo Newala.

Ujumbe wake ulinikuta nikiwa bado na taarifa ya matumbawe kichwani. Tarehe 15 Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe ya dunia yameingia katika upaukaji mkubwa wa nne kuwahi kurekodiwa. Mwaka mmoja baadaye wakasema joto la kiwango cha kuyapausha limeshafikia asilimia 84 ya miamba ya matumbawe duniani. Nilimjibu kijana kwa simu, lakini jibu la simu halikutosha. Miaka niliyoishi na maji ya bahari katika nyumba ya mwalimu, juu kabisa mahali ambapo hata maji ya kunywa hupanda kwa shida, ndiyo iliyonifundisha karibu yote ninayoyajua kuhusu bahari.

Nilihamia Newala mwaka 2009 kufundisha baiolojia. Mji uko ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde lote la Ruvuma limelala chini, na ng'ambo yake Msumbiji. Bahari huioni. Wanafunzi wangu walikuwa watu wa Mkoa wa Mtwara, mkoa wenye bandari, wavuvi na gesi ya Ghuba ya Mnazi, lakini wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga mchanga wa pwani. Samaki walimjua akiwa mkavu, amepasuliwa, amefika gulioni kwenye tenga.

Siku moja nilichora ubaoni polipu ya tumbawe: kifuko, mdomo juu, minyiri kuuzunguka. Msichana mmoja akauliza kama tumbawe ni jiwe au ni ua. Nikamwambia ni mnyama, tena mnyama anayejijengea nyumba ya chokaa na kupangisha humo vijimea visivyoonekana kwa jicho, vimea ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumlipa mwenye nyumba sehemu kubwa ya chakula hicho. Darasa lilinyamaza kwa heshima. Hawakubisha, kwa sababu mwalimu habishiwi, ila niliona wazi kwamba hakuna aliyeamini. Nami niliona haki yao. Kitu kama hicho hakiaminiki kwa chaki.

Likizo iliyofuata nilikwenda Msimbati wakati wa bamvua. Maji yalipokupwa, kinamama walikuwa wameshaingia na vyandarua vyao kutanda dagaa, na wengine wakichokoa pweza mashimoni. Mmoja wao aliniita nitazame kidimbwi kilichobaki kati ya mawe. Ndani yake kulikuwa na jiwe lililofunikwa na kitu kama vifungo vya shati vya kijani, kila kimoja na ukingo wa nywele fupi. Akapitisha mkono juu ya maji bila kugusa, na kivuli kilipofika, baadhi ya vile vifungo vikajikunja. Akaniambia nisivishike kisha nikajifuta macho, kwa sababu vina sumu. Baadaye nilisoma kwamba alikuwa na haki kuliko alivyojua: baadhi ya jamii hizo hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotoka kwa viumbe hai, na mtu akilichemsha jiwe lenye viumbe hao mvuke wake pekee unaweza kumlaza. Mama yule hakuwa amesoma jambo hilo popote. Alikuwa amelipata kwa mama yake, huko huko majini.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba wanafunzi wangu lazima waone kivuli cha mkono kikimfanya jiwe ajikunje.

Nilianza kwa kuuliza. Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, eneo la kilomita za mraba takriban 650, na wataalamu wameorodhesha humo zaidi ya aina 250 za matumbawe magumu. Ofisini nilipokewa vizuri na nikaambiwa bila kuzungushwa: tumbawe hai halitoki. Hata nje ya hifadhi, matumbawe magumu yanalindwa na sheria za nchi na biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Ofisa aliyenihudumia alichukua penseli akachora pwani ya Afrika nyuma ya bahasha, kisha mshale mmoja kutoka mashariki. Mkondo wa bahari unaovuka Bahari ya Hindi, akasema, unaipiga pwani yetu karibu na hapa, kati ya Mtwara na Rasi Delgado, halafu unagawanyika: mkono mmoja unashuka Msumbiji, mwingine unapanda Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba hadi Kenya. Matumbawe yanapozaa, watoto wao huelea na mkondo. Kwa hiyo mwamba wa Msimbati ni kitalu cha miamba mingi ya kaskazini, na mwenye kung'oa tawi hapa anapunguza mbegu za Mafia.

Mchoro ule wa nyuma ya bahasha umenisaidia kuliko vitabu vingi. Ndio niliomtumia kijana wa Masasi, nimeuchora upya na kuupiga picha.

Basi tangi langu halikuwa na tumbawe gumu lililo hai hata moja, na sikupungukiwa. Mawe niliyapata nchi kavu. Pwani yetu kwa sehemu kubwa imekalia miamba ya matumbawe ya kale, iliyoachwa juu bahari iliposhuka, na mafundi huyachimba mawe hayo kwa ajili ya kujengea. Ni mepesi, yana matundu kama sifongo, na matundu hayo ndiyo hasa yanayotakiwa. Nilinunua vipande vichache kwa fundi mwashi Mikindani, nikavisugua na kuvianika juani mpaka vikawa havina harufu. Viumbe vya vifungo nilivipata kijiji kimoja nje ya hifadhi, ambako wavuvi walikuwa wanaondoa mawe ili kupata njia ya kuvutia mitumbwi. Kamati ya ufukwe ilinipa jiwe moja la ukubwa wa ngumi, na mzee wa kamati akasimama pembeni kuhakikisha sichukui la pili. Nilimpenda kwa hilo.

Tangi lenyewe lilitengenezwa na fundi vioo wa Newala, mtu wa madirisha na makabati. Upande mmoja sentimita 60, na 40 kwa 40 kwa upana na kimo: lita 96 kwa hesabu, karibu 80 mawe yakishaingia. Maji ya kiasi hicho na mawe yake ni zaidi ya kilo 100, kwa hiyo meza ilikuwa ya mninga na ilipimwa kwa pimamaji pande zote. Silikoni ilikuwa ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa ile huua. Tuliiacha ikauke wiki nzima ndipo tukajaribu kwa maji.

Maji ya bahari yalipanda uwandani katika madumu mapya ya lita 20, juu ya gari la mizigo. Nasema mapya kwa sababu dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula haliishi mafuta, hata ulioshe mara ngapi, na utando wake hufunika uso wa maji na kuzuia hewa. Barabara ya Mtwara kupitia Tandahimba wakati huo ilikuwa ya vumbi na mchanga sehemu kubwa, na mwenye gari aliniuliza mara kadhaa kama nina hakika kwamba yale madumu si ya petroli. Mvuvi mmoja wa Shangani, Mtwara, ndiye aliyenifundisha saa ya kuteka: maji yanapojaa, wala si yanapokupwa, kwa sababu yanayojaa yanatoka nje kwenye kina na yanayokupwa yanabeba uchafu wa ufuo. Tena kamwe usiteke baada ya mvua kubwa, maana mto huwa umeshaichanganya bahari. Nilithibitisha maneno yake kwa haidromita ya maabara ya fizikia. Maji yaliyotekwa kwa utaratibu wake yalisoma pale pale kila mara, gramu 35 za chumvi katika kila lita, au karibu sana na hapo.

Halafu kukawa na kipindi ambacho wageni hawakukielewa. Tangi limejaa, pampu ya hewa inatoa mapovu, mawe yamepangwa, na hakuna kitu ndani. Wiki zikapita. Tulitia kipande cha kamba kioze, wanafunzi wakawa wanapima amonia kwa dawa za maabara na kuandika. Amonia ilipanda, ikashuka, ikafuatiwa na naitraiti, nayo ikapanda ikashuka, mwishoni ikabaki naitreti. Hii ni kazi ya bakteria wanaokaa katika yale matundu ya mawe: kundi la kwanza hula amonia na kutoa naitraiti, kundi la pili hula naitraiti. Mpaka wazaane vya kutosha, mnyama yeyote utakayemtia humo atakufa kwa mkojo wake mwenyewe. Huwezi kuwaharakisha kwa pesa. Wanafunzi wangu, ambao ni watoto wa wakulima wa korosho, walilielewa hili upesi kuliko watu wa mjini niliokuja kuwaeleza baadaye. Mkorosho nao haukupi kitu miaka ya kwanza.

Njia hii ya kuyaachia mawe kazi ya kuchuja sikuibuni mimi. Mwaka 1961 mfugaji mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliandika jinsi anavyofuga viumbe vya mwamba kwa maji ya bahari yenyewe, mawe yenye uhai, mwanga wa jua na mapovu machache ya hewa, bila mitambo. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wa wakati huo walikuwa wakihangaika na machujio makubwa na matumbawe yaliyokufa yaliyofanywa meupe. Mtu wa pwani ya joto, mwenye bahari mlangoni, aliona kwamba mwamba wenyewe ndio chujio. Nilipoisoma habari yake nilifarijika sana, kwa kuwa nami nilichokuwa nacho ni dirisha la mashariki, pampu moja na mawe.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja aliyezaliwa Newala kabla ya bomba. Alikuja jioni moja, tukaamkiana, akavuta kigoda mbele ya tangi.

"Mwalimu, wajukuu wanasema umeleta maji kutoka Mtwara."

"Ndiyo, bibi."

"Ya kunywa?"

"Hapana, bibi. Ya chumvi haya."

Alikaa kimya. Kisha akaanza kunisimulia jinsi walivyokuwa wakiteremka bondeni usiku, wasichana kwa wanawake, ili wafike chemchemi kabla ya foleni, na kupanda tena mtungi kichwani jua likichomoza. Mtoto akimwaga maji, hakulia kwa kuogopa fimbo tu, alilia kwa sababu alijua ni safari nzima imemwagika. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja na kwenda kutokeza chini kwenye miguu ya miteremko. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, alishangaa kuwakuta Wamakonde wanaishi juu, mbali hivyo na maji. Serikali ya kikoloni ilianza kusukuma maji kwa pampu kutoka mabondeni miaka ya 1950, Wafini wakaja na miradi yao miaka ya 1970 na 1980, na chanzo cha Mitema kinahudumia watu wengi mpaka leo. Hata hivyo pampu ikisimama, ndoo hupanda bei siku hiyo hiyo.

Bibi hakunilaumu. Alisema tu, "Haya, mwalimu," akaondoka. Lakini usiku ule nilikaa nikijiuliza kama nina haki ya kuwa na lita 80 za maji yasiyonyweka katika nyumba iliyo mita chache kutoka kwa mtu kama yeye. Maana tangi la bahari linakunywa maji baridi kila siku. Maji yanapotoka kama mvuke, chumvi haitoki. Lita 80 zina karibu kilo tatu za chumvi, na chumvi hiyo yote inabaki huku maji yakipungua, kwa hiyo usiporudisha kila siku maji yasiyo na chumvi, viumbe vinajikuta katika bahari kali kuliko bahari yoyote. Ilikuwa lita moja hivi kwa siku, na zaidi siku za upepo.

Jibu lilikuwa kwenye kisima cha nyumba. Newala nyumba nyingi zina kisima cha saruji kilichochimbwa uani, na mabati na mifereji inayoelekeza mvua humo. Wafugaji wa nchi nyingine hununua mashine za kuchuja maji ya bomba ili kuyaondolea madini na klorini. Sisi yanatuangukia juu ya paa yakiwa safi hivyo hivyo. Nilitenga mapipa mawili ya plastiki kwa ajili ya tangi, yajazwe wakati wa masika kisima kikiwa kinafurika na maji yakiwa yanapotea uani, na nikaweka sharti kwamba kiangazi tangi haligusi kisima. Sharti hilo sikulivunja, na bibi alilijua, kwa sababu wajukuu zake ndio waliokuwa wakija kujaza mapipa.

Paa la Newala lakini lina jambo lake. Kuanzia Juni hivi mpaka Septemba watu hupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na ule unga wa njano husafiri na upepo, hutua juu ya mabati, majani, nguo kambani. Mvua za kwanza za Novemba na Desemba huuosha wote. Maji hayo ya kwanza tuliyaacha yaende shambani, na mapipa yalifunguliwa baada ya mvua kubwa kadhaa kupita. Mwanafunzi mmoja alichukua maji ya mvua ya kwanza na ya mvua ya baadaye katika chupa mbili, akazisimamisha dirishani. Siku ya pili chupa ya kwanza ilikuwa na utando wa njano chini, mwembamba lakini unaonekana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba kinachopulizwa shambani kinaishia kwenye maji, na kwamba kile kinachotiririka kutoka uwandani kinashuka Ruvuma, na Ruvuma inaishia katika ile ile hifadhi ya bahari inayobeba jina lake.

Umeme ulikatika mara nyingi. Mapovu yakisimama, hewa ndani ya maji hupungua, na katika tangi dogo saa chache zinatosha kuua. Suluhisho lake ni la zamani. Mwaka 1846 mwanamke mmoja Mwingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay akayapeleka nyumbani kwake London. Hakukuwa na pampu. Akawa anamwagiza mtumishi wake wa kike achote maji na kuyamimina tena kutoka juu, mbele ya dirisha wazi, ili yachukue hewa. Matumbawe yakaishi, na hata kuzaa. Tulifanya vivyo hivyo kwa jagi. Wanafunzi wa bweni walipeana zamu, kila mmoja na robo saa yake, na giza lilipoingia walimimina kwa mwanga wa taa ya sola. Nilichojifunza katika usiku kama huo ni kwamba viumbe hawa hawana haja na anasa, wana haja na hali isiyobadilika. Bahari kubwa inapoa na kupata joto taratibu sana, chumvi yake haichezi, hewa yake inarudishwa na mawimbi usiku na mchana. Mtu anapochota lita 80 kutoka humo anachukua maji na chumvi, lakini utulivu ule anauacha nyuma, na inabidi autengeneze kwa mikono, kila siku, bila likizo.

Juni na Julai, kusi lilipoleta ukungu na baridi ya Newala, tulilifunika tangi kwa blanketi usiku. Sikujua kwamba baridi ingekuwa ndiyo shida ndogo.

Nilihamishiwa Masasi. Masasi ni nzuri, napenda vile vilima vyake vya mawe, Mtandi na wenzake, lakini iko chini zaidi ya Newala na mawe yale yanakula jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Tulilihamisha tangi asubuhi na mapema, maji yakiwa katika madumu yake, mawe yamefunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa maji hayo hayo, na viumbe vyote vikafika salama. Miezi ya baridi ilipita vizuri. Oktoba ikaingia.

Kipimajoto cha tangi kilikuwa kimezoea 26 na 27. Katikati ya Oktoba kikasoma 29, halafu 30, na alasiri nyingine 31, na usiku hakikushuka. Wiki ya kwanza hakuna kilichotokea. Wiki ya pili vile vifungo vya kijani vikawa havifunguki vyote. Kisha rangi ikaanza kuondoka. Haikuondoka kama kitu kinachooza. Iliondoka kutoka katikati kwenda ukingoni, kijani cha kukolea kikawa cha majani machanga, kikawa cha maji ya dafu, na mwishowe ukawa unaona kupitia ngozi ya mnyama mwenyewe, mweupe na bado hai, minyiri ikitikisika. Wanafunzi walidhani vimekufa. Niliwaonyesha kwa kivuli cha mkono: vilijikunja, polepole. Vile vijimea vilivyokuwa vimepangishwa ndani vilikuwa vimefukuzwa, kwa sababu katika joto kali mpangaji huanza kutoa sumu badala ya chakula, na mwenye nyumba humtoa ili asife naye. Baada ya hapo mwenye nyumba ana muda mfupi. Joto likishuka mapema, wapangaji hurudi. Likichelewa, anakufa njaa huku amesimama.

Wataalamu wanaofuatilia bahari kwa setilaiti hutumia kipimo rahisi. Maji yakizidi kwa nyuzijoto moja wastani wa mwezi wa joto zaidi wa mahali hapo, na yakabaki hivyo wiki nne, upaukaji huanza kuonekana. Yakibaki wiki nane, vifo vingi hutarajiwa. Nyuzijoto moja tu. Sisi wa bara tunaishi na tofauti ya nyuzi nyingi kati ya alfajiri na mchana, na ni vigumu mwili wetu kuamini kwamba nyuzi moja inaua. Tangi la Masasi lilitufanya tuamini.

Tuliweka feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji, ikiendeshwa na betri ya sola ili isitegemee umeme. Maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto, na jotoridi lilishuka kwa nyuzi mbili na zaidi. Mapipa ya mvua yakaanza kupungua mara mbili ya kawaida, maana baridi ile ilikuwa inanunuliwa kwa maji. Tulitia pazia dirishani. Kufikia Januari, mvua zikiwa zimekolea, kijani kilikuwa kimerudi kwenye sehemu kubwa ya jiwe. Sehemu iliyokuwa karibu na kioo cha magharibi haikurudi.

Nilimsimulia habari hii mzee mmoja wa Msimbati, mpiga mbizi wa zamani. Akaniambia amewahi kuyaona hayo, lakini kwa ukubwa wa bahari. Ilikuwa mwaka 1998, mwaka wa El Niño, miezi ya mwisho ya kaskazi. Alizama mahali alipopazoea akakuta mwamba umekuwa mweupe kama umepakwa chokaa, na samaki wamo wanaogelea kama kawaida. Visiwa vya Mafia na Misali mwaka huo vilipigwa vibaya kuliko Mtwara. Kisiwa cha Chumbe, ambako uvuvi umefungwa na mwamba unalindwa kwa makini tangu mwaka 1994, kilipauka tena mwaka 2016. Hakuna mlinzi anayeweza kulizuia joto langoni. Na hakuna feni ya kuelekeza baharini. Yale maji makubwa niliyokuwa nikiwasifia wanafunzi kwa utulivu wake yameanza kutenda kama lita 80 zilizo juu ya meza, na hilo ndilo linalonitisha katika taarifa ya mwaka 2024.

Ila si joto pekee linaloua miamba. Gulioni Newala kulikuwa na mama muuza samaki ambaye wanafunzi wangu walimzoea. Siku moja aliwafundisha kumtambua samaki wa baruti. Alimshika mmoja kichwani na mkiani, akamkunja taratibu: haukusikika mkatiko, uti wa mgongo ulikuwa umeshavunjika zamani, na tumbo lilibonyea kidoleni kama halina kitu. Alipompasua, damu ilikuwa imevilia kwenye mfupa. Yeye hakuwa akiwanunua, alisema, kwa sababu wanaharibika njiani. Wenzake walikuwa wananunua. Chupa moja ya baruti huua samaki wote walio karibu, wakubwa kwa vifaranga, na hugeuza kifusi matumbawe yaliyochukua miongo mingi kukua, kisha kifusi hicho huviringika na kila wimbi na hakuna tumbawe changa linaloweza kushika. Pwani ya Mtwara iliteswa na mabomu hayo kwa miongo. Msako mkali ulioanza karibu mwaka 2016 uliyapunguza sana. Baada ya somo lile la gulioni, baadhi ya wazazi walianza kumkunja samaki kabla ya kulipa, na wachuuzi wakaona. Uwanda uko mbali na bahari, lakini pesa zake zinafika kila siku, na mwamba uliopata joto unahitaji samaki wanaokula mwani ili upone.

Kwa hiyo anayetaka tangi, alijenge. Kioo, meza imara, pampu yenye betri, mawe makavu ya mwashi, mapipa ya mvua, feni kwa wa Masasi na blanketi kwa wa Newala, na saburi ya wiki sita kabla ya kiumbe cha kwanza kuingia. Anayetaka kuyaona matumbawe magumu yenye matawi, yale ya kwenye simu, apande gari la alfajiri kwenda Mtwara, ashike njia ya Msimbati, afike wakati wa bamvua, alipe kiingilio cha hifadhi. Maji yakikupwa atayaona akiwa amesimama na maji ya magotini, avae viatu kwa ajili ya miiba, na asisimame juu ya jiwe lolote lenye rangi.